Mtu wa Nne Mezani

Jumanne hiyo chakula kilikuwa nyama ya kondoo na viazi, na Hugh Ansell alikuwa amekaa na wenzake wawili wakikinusa bila kukigusa. Katika Nyumba ile, chama cha kale cha mawakili wa London, meza ndefu za ukumbini hugawanywa kwa watu wanne wanne, na wanne wasipotimia hawapakuliwi. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani za wafalme ambao sasa hakuna anayewakumbuka ila kwa picha zao ukutani. Vita vilivyokwisha karibuni havikubadilisha utaratibu. Vilipunguza tu watu wa kukaa, hata ikawa jambo la kawaida kuona mawakili watatu wazima wenye njaa wakitazama mlango.

"Pocock, ndugu yangu," alisema Cuthbert Sneyd, mtu mnene aliyekuwa akitetea kampuni za reli, "una roho ngumu wewe. Tunuse tu?"

"Mko watatu, bwana," alisema Pocock, msimamizi wa ukumbi, sinia mkononi.

"Mimi nahesabika wawili. Tazama tumbo hili."

"Mko watatu, bwana."

Wa tatu alikuwa mwanafunzi kutoka Wales aliyeitwa Idris Prothero, ambaye hakuthubutu kusema chochote kwa sababu ndiyo kwanza aanze. Basi wakaendelea kungoja, na ndipo Jabez Rudkin alipoingia.

Alikuwa amevaa sare ya askari wa kawaida, bila mkanda na bila kofia, na vifungo vyote vyenye nembo vilikuwa vimekatwa. Kifuani, upande wa moyo, kulikuwa na kitambaa cheupe kilichobanwa kwa pini, alama ya kulengea risasi. Alinuka majani makavu yaliyonyeshewa. Ansell alimjua papo hapo, kwa sababu yeye ndiye aliyemtetea kule Ufaransa, na ndiye aliyetumwa jioni ile kumwambia kwamba atapigwa risasi alfajiri.

Rudkin alikuja moja kwa moja mpaka kwenye nafasi ya nne.

"Hapa pana mtu, afande?" alimuuliza Ansell.

"Hapana," alisema Ansell.

"Kaa, bwana, kaa," alisema Sneyd. "Huyu kondoo amekufa mara moja, tukimchelewesha atakufa mara ya pili."

"Bila joho huwezi kula, bwana," alisema Pocock.

Rudkin akasema hana joho. Pocock aliweka sinia chini, akaenda kwenye vigingi vya ukutani, ambako tangu vita vianze kulikuwa na majoho mengi yasiyo na wenyewe, akarudi na moja lililomkaa vizuri mabegani. Lilifunika sare yote. Kitambaa cheupe ndicho kilichobaki kikionekana, na kwa kuwa kila wakili hufunga shingoni vitambaa viwili vyeupe, aliyemwona kwa mbali alidhani ni mtu aliyefunga vyake ovyo. Pocock akapakua. Wote wanne wakala, na Rudkin akala kuliko wote.

Si kwamba watu hawakuona. Waliona. Lakini kumuuliza mtu mezani ametoka wapi na kwa ruhusa ya nani ni utovu wa adabu, na katika Nyumba ile mtu angesamehewa kosa la sheria kabla ya kosa la adabu.

Ili mambo yaeleweke, ni lazima kusema neno juu ya kikosi. Vita vilipoanza mawakili wa London waliunda kikosi chao wenyewe, cha kujitolea, na wakaanza kufanya gwaride bustanini kati ya mawaridi, wakiwa na miavuli kwa sababu bunduki zilikuwa hazijafika. Walikuwa askari wa taabu sana kwa sajini wao. Kila amri ilitaka ufafanuzi. Walipopelekwa nje ya mji kujifunza kuchimba mahandaki, walichimba malisho ya mjane mmoja, mjane akawashtaki, na askari watatu kati ya wale waliochimba wakajitolea kumtetea. Mjane alishinda. Ansell alikuwa mmoja wa hao watatu, na siku ile alikuwa na furaha ambayo hakuipata tena katika maisha yake.

Baadaye walifanywa maofisa, wakagawanywa katika vikosi vya watu wengine, na kwa kuwa walijua sheria ndio waliowekwa kuhukumu. Hivyo siku Rudkin aliposhtakiwa kwa kukimbia zamu, ghala la majani walimomhukumia lilijaa wanasheria watupu. Rais wa mahakama, Meja Everard Stroud, alikuwa mmoja wa wakubwa wa Nyumba. Wajumbe wawili walikuwa wa Nyumba. Mwendesha mashtaka alikuwa wa Nyumba, na mtetezi alikuwa Ansell. Walipokutana walifurahi, wakaulizana habari za mvinyo wa ukumbini, kama bado upo au wazee wameumaliza. Rudkin alisimama katikati akisubiri wamalize. Nyumbani kwao Deptford alikuwa akiuza mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwenye kibanda cha mama yake.

Utetezi wake ulikuwa mfupi. Hakukimbia. Sajini Oakes alimtuma nyuma kuleta watu wa machela. Oakes mwenyewe alikuwa hospitali, amekatwa mguu, na kumfikia ilikuwa safari ya siku moja tu. Kilichotakiwa ni Ansell asimame na kuomba kesi iahirishwe mpaka sajini asikilizwe. Alikwisha kusimama. Ndipo Meja Stroud alipotazama saa yake na kukunja kitambaa alichokuwa akijifutia miwani. Na ukumbini, mkubwa akikunja kitambaa chake, chakula kimekwisha. Mdogo haombi nyongeza.

"Naiachia mahakama," alisema Ansell, akaketi.

Rudkin alipigwa risasi Jumatano. Sajini Oakes aliletwa na gari la wagonjwa Alhamisi, akiwa na hasira, akiuliza kesi iko wapi.

Jioni ya kuamkia Jumatano, Ansell alipokwisha kumpa habari, Rudkin alimnyoshea mkono. Mawakili wa London hawapeani mikono. Wanahesabiwa kuwa wanajuana wote, na watu wanaojuana hawana haja ya kuthibitisha kwamba hawakuficha silaha. Huinamiana kichwa, basi. Ansell alikwisha kuinama kabla hajafikiri. Aliponyanyua kichwa, mkono wa Rudkin ulikuwa umerudi mfukoni. Lilikuwa jambo dogo, na lilimuuma Ansell kuliko lile kubwa, labda kwa sababu kwa lile kubwa alikuwa na wenzake wanne wa kugawana.

Baada ya jioni ile ya kondoo Rudkin alikuja tena ukumbini Alhamisi, na Jumanne iliyofuata, na kila siku ya chakula muhula ule wote. Hakuwahi kuchelewa. Sneyd alimpenda, kwa sababu tangu aje walikuwa wakipakuliwa wa kwanza.

"Wewe una faida kuliko walio hai," alimwambia. "Walio hai wana mafua, wana wake, wana vikao vya mahakama Manchester. Wewe ukisema unakuja, unakuja."

"Sina pa kwenda, bwana," alisema Rudkin.

Ilikuwa katika muhula wa pili ndipo aliposema alichokifuata. Alisema wakati wa jibini, kwa sauti ya kawaida, akimtazama Ansell.

"Nataka Sajini Oakes asikilizwe, afande. Basi. Mama yangu wanamwita mama wa mwoga. Kibanda chake hakisogelewi. Pensheni wamemnyima, hiyo sisemi, lakini watu kupita na kutema mate mbele ya chakula, hiyo hapana."

Ansell aliona aibu, ile aibu inayomfanya mtu aitazame sahani yake kama haijui.

"Siwezi kupokea kesi kutoka mkononi mwa mteja," alisema. "Sisi tunasimama mahakamani tu. Lazima kwanza uende kwa wakili wa ofisini, yeye ndiye aniletee."

"Nilikwenda. Akasema mteja aliyekufa hawezi kutia sahihi."

"Hapo ana hoja," alisema Sneyd.

"Lakini nyinyi kwa nyinyi mnaongea," alisema Rudkin. "Wakili kwa wakili. Hapo katikati hahitajiki mtu."

"Hahitajiki," alikubali Ansell.

"Basi na mimi nitakuwa wakili."

Prothero, ambaye sasa alikuwa amezoea, alimwambia mitihani ni migumu. Lakini mitihani haikuwa kikwazo. Kwa mila ya Nyumba mtu hawi wakili kwa kusoma peke yake. Lazima ale. Anakula ukumbini muhula baada ya muhula, kwa miaka mitatu hivi, mpaka milo yake itimie, ndipo apokelewe. Na mara baada ya vita wakubwa wa Nyumba walipitisha azimio kwamba mwanafunzi aliyefia vitani asidaiwe ada wala mtihani, ili wazazi wake wapate la kujivunia. Rudkin alikuwa mwanafunzi? Alikula ukumbini akiwa na joho, na mwanafunzi ni nani kama si huyo? Alifia vitani? Alifia. Azimio liliandikwa na mawakili waliobobea, wakagombana siku nzima juu ya mahali pa kuweka mkato, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kutaja aliyefia vitani awe ameuawa na nani.

Kwa hiyo Rudkin alikula. Alikula kondoo na ng'ombe na samaki wa Ijumaa, alikula maharage yaliyopondeka na keki zilizokauka. Wanafunzi wengine walikonda kwa kusoma, yeye alikaa vile vile. Alijifunza kuinamisha kichwa badala ya kunyosha mkono. Ansell alimwona siku ya kwanza alipofanya hivyo, akimsalimu Prothero mlangoni, na moyo ukamsinyaa. Mara nyingi alitaka kumwambia neno. Angefungua mdomo, halafu Sneyd angeomba chumvi.

Muhula wa mwisho ulipokaribia, Rudkin alihitaji mdhamini wa kumpeleka mbele ya wakubwa. Alimwomba Ansell. Ansell akakubali kabla hajamaliza kuulizwa.

"Kuna kitu nimesikia," alisema Rudkin. "Jioni ya kupokelewa, mdhamini anasimama na kuomba ombi moja kwa ajili ya mtu wake. Na wakubwa hawawezi kukataa."

"Hawawezi," alisema Sneyd. "Lakini kila mdhamini, tangu paa hili liezekwe, ameomba mvinyo."

"Lazima uwe mvinyo?"

Sneyd alifikiri. "Si lazima. Mimi nilidhamini mtu mmoja nikataka kuomba dirisha lifungwe, upepo ulikuwa mkali. Nikaona watu watanichukia."

"Nitakuja na sajini," Rudkin alimwambia Ansell. "Atakaa langoni. Wewe omba aingie, aseme mbele ya Sir Everard. Maneno yake si mengi. Sir Everard akisikia, neno lake moja kwa wizara ya vita linatosha. Utaomba, afande?"

"Nitaomba," alisema Ansell.

Na alikusudia kweli. Hilo lisemwe kwa haki yake. Wiki ile yote alitembea kando ya mto akifanya mazoezi ya sentensi moja, na alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Ufaransa.

Meja Stroud sasa alikuwa Sir Everard Stroud, Mkuu wa Nyumba. Jioni ya kupokelewa alisimama mbele ya meza ya juu, mzee mrefu mwenye nyusi nzito, na vijana wakapita mbele yake mmoja mmoja wakiwa na mawigi mapya yaliyowawasha. Prothero alipita. Rudkin alikuwa wa mwisho. Wigi lilimkaa vizuri kuliko wote, kwa sababu hakutoka jasho.

"Bwana Jabez Rudkin," alisema Sir Everard, "nakupokea uwakilini." Akainamisha kichwa, na Rudkin akainamisha chake. Kisha mzee akamtazama tena. "Sura yako si ngeni. Tumewahi kuonana?"

"Ghalani, mheshimiwa."

"Aa, ghala lile. Lilikuwa na upepo mbaya sana," alisema Sir Everard. "Karibu kwetu."

Watu wakaketi. Ansell alikuwa amekwisha kupita langoni kumwona Sajini Oakes, aliyekaa kwenye benchi la bawabu, mguu wa mti umenyoshwa mbele, kofia gotini. Alikuwa ametoka Leicester kwa treni ya asubuhi.

"Nimengoja miaka yote hii mtu aniulize swali moja," Oakes alimwambia. "Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia kimbia, na mtoto akakimbia. Nusu saa nyingine hainiui."

Wadhamini wakasimama mmoja mmoja. Wa kwanza aliomba mvinyo, watu wakapiga meza kwa shangwe. Wa pili aliomba mvinyo. Mdhamini wa Prothero, ambaye alikuwa Sneyd, aliomba mvinyo, na akaongeza uwe ule wa pembeni kabisa ya stoo, si ule wa karibu na mlango, na shangwe ikazidi. Ikabaki zamu ya Ansell. Akasimama.

Sentensi alikuwa nayo mdomoni, nzima, imekamilika. Rudkin alikuwa kando yake akitazama mbele. Ukumbi ulikuwa umenyamaza vizuri, mnyamazo wa watu walioshiba wanaopenda jambo liendelee kama linavyoendelea siku zote. Ansell alifungua mdomo. Kule meza ya juu Sir Everard alitazama saa yake. Kisha akachukua kitambaa chake cha mezani, akakikunja mara mbili, akakiweka kando ya sahani.

"Mvinyo, mheshimiwa," alisema Ansell.

Meza zikapigwa. Pocock akaja na chupa na kuiweka kati ya watu wanne. Kwa mila, kila mmoja wa wanne lazima awanywee wenzake kwa majina, na anayeanza ni mpya. Rudkin akainua glasi.

"Bwana Prothero," alisema. "Bwana Sneyd." Akamgeukia Ansell, na hapakuwa na hasira katika sauti yake. Ingekuwapo, Ansell angeshukuru. "Bwana Ansell."

Wakanywa. Ulikuwa mvinyo mzuri sana, kweli ule wa pembeni kabisa ya stoo.

Baadaye Ansell alikwenda langoni. Oakes alisimama kwa shida alipomwona.

"Naingia?"

"Hapana," alisema Ansell.

Oakes akavaa kofia yake. "Basi nitawahi treni ya saa tatu," alisema.

Rudkin alipewa chumba kwenye ngazi ile ile ya Ansell, na jina lake likaandikwa kwa rangi nyeusi mlangoni, chini ya la Ansell, kama ilivyo desturi kwa mdogo. Alipata kazi haraka. Wateja walimpenda kwa kuwa hakutishika na jaji yeyote. Alitetea wezi wa makaa, wapangaji, baharia mmoja aliyeoa mara mbili, na mara nyingi alishinda. Kesi yake mwenyewe hakuweza kuichukua, kwa sababu wakili hasimami katika jambo lake, na mwingine wa kuichukua alihitaji sahihi ya mteja aliye hai. Aliyeeleza hayo alikuwa Ansell, na alieleza vizuri, bila kuacha kifungu. Mama yake Rudkin alifunga kibanda mwaka ule, akahamia kwa dada yake, mtaa ambao hawamjui.

Jiwe la kumbukumbu lilizinduliwa mwezi wa Novemba, kwenye ukuta wa bustani, pale pale walipokuwa wakifanya gwaride na miavuli. Kamati ya jiwe ilikuwa makini kuliko waandishi wa azimio: iliandika waliouawa na adui tu. Mvua ilinyesha, na miavuli ikafunguliwa tena. Sir Everard alisoma majina yote kwa sauti iliyotetemeka kweli, maana alikuwa na mjukuu kati yao. Rudkin alisimama mstari wa nyuma akiwa na joho na wigi, akasikiliza mpaka jina la mwisho, na alipokuwa amekwisha kuyasikia yote akaendelea kusimama kidogo, kama mtu anayefikiri huenda kuna ukurasa mwingine.

Watu wakatawanyika kuelekea ukumbini. Wakabaki wawili. Mvua ilikuwa imelowesha kitambaa kile cheupe kifuani, na tundu lake lilionekana wazi, si kubwa, lenye ukingo mweusi. Ansell akafanya kile ambacho mkono wake ulikuwa ukikidai tangu Ufaransa. Alivua glavu, akamnyoshea Rudkin mkono, mtupu, kwenye mvua.

Rudkin aliutazama mkono ule. Aliutazama kwa upole, na kwa muda mrefu kiasi kwamba Ansell aliona matone yakijaa kiganjani. Kisha akainamisha kichwa, vizuri, kama alivyofundishwa.

"Sisi hatupeani mikono, msomi mwenzangu," alisema.

Ansell akarudisha mkono mfukoni.

"Twende," alisema Rudkin. "Sneyd na Prothero wako wawili tu pale. Hawatapakuliwa mpaka tufike."

Wakaenda. Ilikuwa siku ya kondoo, na Pocock alikuwa amesimama na sinia.